Siafu, Nyuki au Nyoka Karibu na Mpira wa Gofu: Nini Ruksa, Nini Adhabu

Uwanja wa gofu una nyasi, mchanga na vichaka, na humo mchezaji hayuko peke yake. Kuna siafu, buibui, nyuki na hata nyoka. Asiyejua sheria anaweza kupoteza mkwaju bure au, mbaya zaidi, kuumwa na mnyama ambaye hakulazimika kumsogelea.

Mwaka 2010 huko Hilton Head, Marekani, Mwingereza Brian Davis alikuwa kwenye shimo la ziada la kuamua mshindi dhidi ya Jim Furyk. Alikuwa anasaka taji lake la kwanza la PGA Tour. Mpira wake ulitua kwenye eneo la hatari, na alipovuta fimbo nyuma ili apige, ikagusa bua la tete. Davis mwenyewe akamwita mwamuzi. Adhabu ikawa mikwaju miwili, na Furyk akabeba kombe.

Sheria hiyo ililegezwa mwaka 2019. Kwa sasa mambo yako hivi:

1. Vitu vya kuondoa bila adhabu
Majani makavu, mawe, vijiti vilivyokatika, kinyesi cha wanyama, wadudu, minyoo, vichuguu vidogo vya siafu na utando wa buibui. Mchezaji anaweza kuviondoa popote, hata kwenye mchanga wa banka. Ila mchanga wenyewe, udongo uliotifuka na umande havimo kwenye orodha hii. Kitu kinachoota au kilichozama ardhini nacho hakiguswi.

2. Mpira usisogee
Hapa ndipo wengi hunaswa. Mpira ukisogea kwa sababu ya kuondoa jani au mdudu, ni adhabu ya mkwaju mmoja, na mpira unarudishwa pale ulipokuwa. Kwenye grini hakuna adhabu, mpira unarudishwa tu.

3. Mdudu juu ya mpira
Mdudu aliye hai hahesabiwi kuwa amegandia mpira, kwa hiyo anaweza kuondolewa. Jani lililogandia mpira ni habari nyingine: linaachwa hapohapo.

4. Nyuki, nyoka na wengine hatari
Hakuna anayelazimishwa kupiga mpira uliozungukwa na nyuki. Mchezaji anatafuta sehemu salama iliyo karibu zaidi, isiyosogelea shimo, kisha anaangusha mpira kutoka usawa wa goti, ndani ya urefu wa fimbo moja. Hakuna adhabu. Lakini kama mpira uko ndani ya banka, lazima uangushwe humohumo. Kuutoa nje kunagharimu mkwaju mmoja.

Nafuu hii haihusu mimea. Miiba na upupu havihesabiwi, hata viume vipi. Pia haipatikani kama mpira umenasa mahali ambapo usingepigika hata bila nyuki.

5. Ukiwepo utata
Kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju, mchezaji mwenye shaka anaruhusiwa kumalizia shimo hilo kwa mipira miwili. Amwambie mapema anayemwandikia alama ni mpira upi anataka uhesabiwe, kisha airipoti kamati kabla ya kukabidhi kadi. Kamati ndiyo itakayoamua.