Uongozi mwema huwatia wahadhiri ari ya kazi

WAHADHIRI wa vyuo vikuu vya umma nchini wamegoma mara kadhaa, ukiwemo mgomo wa 2025 uliodumu siku 49. Mjadala aghalabu huwa kuhusu mishahara. Hata hivyo, pesa pekee haziwezi kumfanya mhadhiri aipende kazi yake.

Mnamo 1991, wasomi John Meyer na Natalie Allen walieleza kuwa mfanyakazi hushikamana na mwajiri wake kwa mambo matatu: mapenzi, hisia ya wajibu, au hofu ya hasara akiondoka.

Anayebaki kwa hofu tu hufundisha vipindi vyake na kwenda zake, huku tasnifu za wanafunzi wa uzamili zikikaa mezani bila kusomwa. Anayebaki kwa mapenzi hufanya utafiti na kuwalea wahadhiri chipukizi.

Hapa ndipo uongozi unapoingia. Naibu chansela na wakuu wa idara wanapowapandisha watu vyeo kwa vigezo vilivyo wazi, kuisikiliza seneti na kueleza fedha zilivyotumika, imani hujengeka. Wanapopendelea, hata nyongeza ya mshahara haizimi manung'uniko, na anayeumia ni mwanafunzi.