Albamu za Filamu Zilizovunja Rekodi, Kutoka Chini ya Mlima Sagalla

John Barry, mtunzi aliyezaliwa York, Uingereza, mwaka 1933, alifariki 2011 akiwa na Oscar tano. Tatu kati ya hizo zilimjia kwa filamu mbili zilizopigwa Kenya. Born Free ya 1966 ilimpa mbili kwa mpigo: moja ya muziki wa filamu, nyingine ya wimbo uliotungiwa maneno na Don Black na kuimbwa na Matt Monro. Out of Africa ya 1985 ikaongeza ya tatu. Mbili zilizosalia ni za Dances with Wolves ya 1990 na The Lion in Winter ya 1968, filamu ambayo, pamoja na jina lake, haina simba hata wa dawa. Ni ugomvi wa Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza na wanawe juu ya kiti cha enzi.

Mtunzi mwingine mkubwa ambaye zaidi ya nusu ya Oscar zake zimetoka nchi moja ya Afrika, nionyeshe. Kwa sisi tunaokusanya albamu za muziki wa filamu, muziki mtupu bila picha, hesabu hiyo inatosha kumpa Barry rafu yake peke yake. Tuko wachache, na tumezoea kuulizwa. "Mjomba, mbona huyu haanzi kuimba?" Haanzi, mwanangu. Ndiyo raha yake.

Na huku Voi tuna sababu ya ziada ya kupenda sifa za "kuliko zote". Mlima Sagalla uliotusimamia kusini mwa mji una rekodi yake wenyewe: kiumbe wa jamii kubwa ya akina chura, asiye na miguu, mwenye umbo la mnyoo, aliyepewa jina la kisayansi la Boulengerula niedeni mwaka 2005. Hapatikani mlima mwingine wowote duniani. Bado hajatungiwa muziki.

Iliyo karibu zaidi na nyumbani

Asubuhi ya 14 Mei 1931, ndege ndogo aina ya Gipsy Moth iliruka kutoka uwanja wa Voi kuelekea Nairobi. Haikufika mbali. Ilianguka karibu na uwanja huohuo ikawaka moto, na rubani wake, Denys Finch Hatton, akafa pamoja na Kamau, mtumishi wake. Finch Hatton alizikwa kwenye vilima vya Ngong. Habari zake zikaingia katika vitabu vya mwandishi Karen Blixen, na kutoka vitabuni zikaingia sinema, katika Out of Africa, akiigizwa na Robert Redford. Kamau hakupata mwigizaji wa kifo hicho. Katika filamu tunaambiwa tu kwamba Denys ameanguka Tsavo.

Kwa hiyo muziki wa kuruka angani ninaouweka juu ya mwingine wote katika sinema, ule uitwao Flying Over Africa, ni wa mtu aliyemalizia safari zake hapa kwetu. Vayolini zinapanda pamoja bila haraka, honi za okestra zinazibeba kwa chini, na chini ya ndege ardhi inafunguka. Unaposikiliza ukijua mwisho wa habari, unasikia kitu ambacho wasikilizaji wa Chicago hawana namna ya kukisikia. Wao wanaona mandhari. Mtu wa Voi anajua uwanja.

Kinachonishangaza zaidi ni uchache wake. Filamu ina urefu wa dakika 161, lakini muziki alioutunga Barry unashika sehemu ndogo tu ya muda huo. Kwingine ni mazungumzo, ndege wa porini, upepo, na gramafoni inayopiga konsato ya klarineti ya Mozart, ambayo nyani nao wanapigiwa. Inasimuliwa kwamba mwongozaji, Sydney Pollack, alianza na wazo la kutumia muziki wa asili wa Kiafrika, na Barry ndiye aliyemgeuza: hadithi ni ya watu wawili wanaopendana, basi muziki ufuate mapenzi yao. Kuna wanaomlaumu kwa hilo. Mimi namsifu. Mgeni aliyeingia nyumbani kwa watu akajieleza yeye mwenyewe, bila kujifanya mwenye nyumba, ni mgeni mwenye adabu. Barry hapigi ngoma ili kutuambia kwamba tuko Afrika. Anasema alivyo: Mzungu anayetazama nchi isiyo yake na kuitamani. Ndiyo maana muziki huo haujachujuka, wakati filamu kadhaa za rika lake zenye ngoma za kuigiza zinachekesha leo.

Mwaka 2005 Taasisi ya Filamu ya Marekani ilipochagua miziki 25 bora ya sinema ya Kimarekani, Out of Africa ilishika nafasi ya 15. Kileleni waliiweka Star Wars ya John Williams. Katika orodha nzima hakuna filamu nyingine iliyopigwa Kenya. Hata Born Free haimo, pamoja na Oscar zake mbili.

Kwa mkusanyaji wa Out of Africa kuna albamu mbili za kushindanisha. Ya kwanza ni ile ya kampuni ya MCA iliyotoka na filamu, ikiongozwa na Barry mwenyewe, na mwishoni ina wimbo wa Melissa Manchester na Al Jarreau ambao mimi huuruka. Ya pili ilirekodiwa upya na Joel McNeely akiongoza Okestra ya Kitaifa ya Kifalme ya Scotland, ikatolewa na Varèse Sarabande mwaka 1997. Hii ya pili ni safi, kila chombo kinasikika mahali pake. Lakini Barry alikuwa na namna yake ya kuchelewesha noti kidogo kabla ya kuiachia, na hilo halinakiliki kwa kusoma karatasi. Mwenye pesa za moja tu anunue ya MCA.

Simba walewale, mara mbili

Chini ya mwendo wa saa moja kutoka Voi kwa gari ndipo lilipo daraja la Tsavo, ambapo mwaka 1898 simba wawili waliwala wajenzi wa reli hadi Kanali John Henry Patterson alipowaua mwezi Desemba. Patterson aliwahi kutaja watu 135. Watafiti waliopima mifupa na manyoya ya simba hao, mwaka 2009, walikisia kama 35. Ngozi zenyewe Patterson alizitandika nyumbani kwake miaka mingi, kisha mwaka 1924 akaiuzia Field Museum ya Chicago kwa dola 5,000. Huko ziko hadi leo, zimejazwa na kusimamishwa.

Kutoka kwenye mizoga hiyo miwili sinema ilichuma rekodi. Bwana Devil ya Arch Oboler, iliyofunguliwa Hollywood tarehe 26 Novemba 1952, ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya rangi ya Kimarekani iliyotazamwa kwa miwani ya 3D. Ile picha mashuhuri ya ukumbi mzima wa watu waliovaa suti na miwani ya karatasi, iliyochapishwa na jarida la Life, ilipigwa kwenye onyesho hilo. Watazamaji wale walikuwa wanakodolea macho Tsavo. Tuseme Tsavo ya California, maana ndiko ilikopigwa. Muziki ni wa Gordon Jenkins, fundi wa kuwapangia waimbaji okestra, na kwa ukweli hautakukosesha usingizi. Filamu ilivunja rekodi. Muziki haukuvunja kitu.

The Ghost and the Darkness ya 1996 ni habari nyingine. Jerry Goldsmith, aliyeteuliwa kuwania Oscar mara 18 akaondoka na moja tu, ya The Omen, alichukua wimbo wa mtindo wa Ki-Ireland kwa ajili ya Patterson akaugonganisha na sauti za Kiafrika. Alifanya kinyume kabisa cha Barry: alitaka kila aliyekuwepo darajani asikike. Pale inapofaulu, hasa daraja linapojengwa, moyo unakwenda mbio. Pale isipofaulu unasikia mishono. Naipenda, lakini huipiga nikiwa na shughuli nyingine. Filamu yenyewe ilipigwa Afrika Kusini, na simba wake wana manyoya tele shingoni. Simba waliokuwa wanakula watu Tsavo hawakuwa na manyoya ya shingoni, na huku kwetu hata leo madume wengi ni vipara. Watoto wa shule za Voi wanalijua hilo.

Iliyouzwa zaidi kati ya za Afrika

Hapa tusipoteze muda. The Lion King ya 1994 imevuka nakala milioni 10 Marekani peke yake, na Hans Zimmer akapata Oscar yake ya kwanza. Lebo M wa Soweto ndiye anayeifungua kwa sauti ambayo kila mtoto anaijua. Majina ni ya Kiswahili, kwaya ni ya kusini, na maneno "hakuna matata" Them Mushrooms wa Mombasa walikuwa wameshayauza kwa watalii tangu 1982 katika Jambo Bwana. Kwa wanaotaka okestra bila Elton John, bingwa wa mauzo ni Titanic ya James Horner, ya 1997. Nyumbani kwangu zote mbili zimo, na zote mbili zina vumbi.

Inayochekesha kuliko zote, ukiwa Sagalla

Hatari! ya Howard Hawks ilipigwa Tanganyika, upande wa Arusha, ikatoka 1962. Ni kati ya filamu chache za Hollywood ambazo majina yake hayahitaji kuelezwa kwa mtu wa huku. Mtunzi ni Henry Mancini, na kipande cha ndovu watatu wadogo wakimfuata Elsa Martinelli majini, Baby Elephant Walk, kilishinda Grammy ya upangaji wa muziki. Ni muziki wa matako yanayotingishika. Huwezi kuusikiliza ukiwa umenuna.

Isipokuwa kama una shamba la mahindi chini ya mlima. Ndovu wa Sagalla hutoka Tsavo usiku, hawafuati mrembo, wanafuata mavuno. Dawa iliyoonekana kusaidia hapa ni ua wa mizinga: shirika la Save the Elephants, kwa utafiti wa Lucy King, lilitundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba, hivi kwamba ndovu akisukuma waya mizinga yote inayumba na nyuki wanatoka. Utafiti wa mwanzo kabisa, uliochapishwa 2007, ulikuwa wa sauti tu. Ndovu walipigiwa rekodi ya nyuki wenye hasira, wakatimua mbio. Kwa hiyo kama kuna rekodi iliyotikisa wasikilizaji wazito kuliko wote Afrika Mashariki, si ya Mancini.

Isiyo na muziki

Mogambo ya John Ford, 1953, ilipigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, ikiwa na Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, na haina okestra ya kutungiwa. Unachosikia ni ngoma na nyimbo za wenyeji. Albamu yake basi hainihusu, ingawa nakiri kwamba ukimya ule una heshima yake.

Aliyerudi mara nyingi

Alex Heffes, Mwingereza, ametunga The Last King of Scotland ya 2006 na Queen of Katwe ya 2016, zote za Uganda, na katikati yake The First Grader ya 2010, ya Kenya. Hiyo ya katikati yenyewe inahusu mvunja rekodi: Kimani Maruge, aliyejiunga na darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, akaingia kitabu cha Guinness kama mtu mzee kuliko wote kuanza shule ya msingi. Muziki wa Heffes ni wa unyenyekevu, mwepesi wa kusahaulika ukiwa peke yake na mgumu kuutoa ndani ya filamu.

Sasa mtasema: na Mtaita, mwenyeji wa huku kwetu, je? Mtaita ninayemtamani kwenye rafu hii ni Fadhili William Mdawida, aliyerekodi Malaika mapema miaka ya 1960. Umiliki wa wimbo huo umebishaniwa hadi leo, lakini sauti yake haibishaniwi. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliurekodi katika albamu ya 1965 iliyoshinda Grammy, Boney M nao wakaufuata. Mtu mwenye sikio la namna ile angepewa dakika 20 tu za filamu, tungekuwa na habari nyingine ya kusimulia.

Nafasi hiyo aliipata Mkenya mwingine, kwa njia ya kuzunguka. Katika Out of Africa yumo kijana anayemwigiza Kanuthia, msaidizi wa Denys, na jina lake kwenye orodha ya waigizaji ni Job Seda. Baadaye kijana huyo alijulikana kwa jina la Ayub Ogada na kwa zeze lake la nyatiti, na mwaka 1993 akatoa albamu ya En Mana Kuoyo kwa Real World, lebo ya Peter Gabriel. Ndani yake mna Kothbiro. Mwaka 2005 wimbo huo ukaingia The Constant Gardener, filamu iliyopigwa Kibera na Turkana, kando ya muziki wa Mhispania Alberto Iglesias ulioteuliwa kuwania Oscar. Iglesias ni fundi, hilo halina ubishi. Lakini watu wakitoka kwenye filamu ile wanamuulizia Ogada.

Anayeanza kukusanya leo aanze na En Mana Kuoyo, kisha Out of Africa ya MCA, kisha Hatari! kwa ajili ya wageni. Ya Goldsmith ikipatikana kwa bei nzuri aichukue. Bwana Devil anaweza kuiacha dukani.