Majina Mawili ya Cheshire Yaliyokutana Njoro

Kila mwaka, ninapoanza kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza somo la fonolojia, huandika ubaoni neno moja na kumwomba yeyote anayethubutu alisome kwa sauti. Neno lenyewe ni Cholmondeley. Darasa huguna, kisha mmoja hujitolea: "Cho-lo-mo-nde-lei." Mwingine humsahihisha, naye husahihishwa na wa tatu. Ninapowaambia kwamba wenye jina hilo hulitamka "Chamli", silabi mbili basi, darasa zima huangua kicheko. Lakini aghalabu hapakosi mmoja, wa kutoka Naivasha au Gilgil, ambaye hacheki. Yeye amelisikia jina hilo nyumbani kwao.

Hilo ndilo jina la ukoo wa mabwana tuliozoea kuwaita Delamere. Wengi wetu hudhani kuwa Delamere ni jina lao la ukoo, kumbe ni jina la cheo tu, walilopewa mwaka 1821, pale Thomas Cholmondeley alipofanywa kabaila. Cheo hicho kilichukua jina la msitu wa Delamere ulioko katika jimbo la Cheshire, kaskazini magharibi mwa Uingereza, na maana yake kwa Kifaransa cha kale ni msitu wa maziwa, yaani wa vidimbwi na maziwa madogo madogo. Ni sadfa ya ajabu kwamba mjukuu wa ukoo huo, Hugh Cholmondeley, Bwana Delamere wa tatu, alikuja kujenga maisha yake kando ya ziwa Elmenteita, katikati ya Nakuru na Naivasha. Sadfa haina maana yoyote katika isimu, lakini hainizuii kutabasamu.

Turudi ubaoni. Mwaka 1086, kwa amri ya Mfalme William, aliyeivamia Uingereza miaka ishirini kabla, iliandikwa sajili ya ardhi na mali ya nchi nzima ili ajue atoze nini na kwa nani. Katika sajili hiyo, iitwayo Domesday, kimo kijiji cha Cheshire kilichoandikwa Calmundelei. Wataalamu wa majina hulifumbua hivi: Ceolmund, jina la mtu, na leah, uwazi uliofyekwa msituni. Ni shamba la Ceolmund, basi. Sasa msomaji alinganishe: Calmundelei ya 1086, "Cholomondelei" ya mwanafunzi wangu, na "Chamli" ya bwana mwenyewe. Ni nani aliye karibu zaidi na Ceolmund? Ni yule kijana wa Molo, ambaye hajawahi kufika Uingereza.

Sababu si muujiza. Kiingereza huitwika silabi moja mkazo mzito, mara nyingi ile ya kwanza, na zile dhaifu zinazofuata humezwa karne baada ya karne. Ndiyo maana Leicester imekuwa "Lesta". Kiswahili kwa upande wake huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuzipa nyingine zote haki yake, hivyo msomaji wetu huyatamka maandishi yote aliyoyaona. Na maandishi ni mahafidhina: hubaki yalivyo huku vinywa vikienda zake. Tusijitape hata hivyo, kwani nasi tumemeza. Muti umekuwa mti, muntu akawa mtu, na hakuna Mswahili anayelia kuipoteza u.

Jina hili ni adimu hata huko kwao, na uadimu wake una kisa. Katika siku ambazo kila karani aliandika jina alivyolisikia, matawi ya ukoo na watu wengine waliolibeba waliandikwa Cholmeley, Chumley na namna nyingine kadhaa. Tahajia ndefu iliyojaa herufi zisizosikika ilidumu hasa kwa wale waliokuwa na ardhi, hati na makarani wa kuzitunza hati hizo. Kwa hiyo herufi zilizonyamaza ndani ya Cholmondeley si makosa ya tahajia, bali ni dalili ya mali.

Mpaka hapa huenda mwalimu wa Nakuru akauliza, haya yatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu, ukichukua ramani ya Cheshire na kuweka kidole juu ya Cholmondeley, kijiji kinachopakana nacho kinaitwa Egerton.

Naam, Egerton. Jina ambalo maelfu ya vijana wa Kenya wameliandika kwenye barua za maombi, ambalo limo katika vyeti vilivyotundikwa kwenye sebule kutoka Busia hadi Lamu, na ambalo katika vinywa vyetu limekuwa "Ejatoni", likapewa irabu yake ya mwisho na mkazo wake mahali panapostahili. Asili yake ni Kiingereza cha kale vilevile: sehemu ya kwanza inatokana na jina la mtu lenye ecg, makali ya upanga, na ya pili ni tun, neno ambalo tafsiri yake bora kwa lugha yetu ni boma. Vijiji vyote viwili vilikuwa katika parokia moja ya kale, ile ya Malpas, na vitabu vya nasaba vya Waingereza hudai kwamba hata koo mbili zilizojiita kwa majina ya vijiji hivyo zina babu mmoja, William Belward, aliyeshika nusu ya ubwana wa Malpas. Mwana au mjukuu aliyepata shamba hili aliitwa kwa shamba hili, na aliyepata lile akaitwa kwa lile. Hivyo ndivyo majina mengi ya makabaila wa Kiingereza yalivyozaliwa baada ya 1066, na kufikia mwaka 1400 hivi familia nyingi za Uingereza zilikuwa na jina lisilobadilika kizazi hadi kizazi. Sisi tunaoishi na arap na ole, au tunaompa mtoto jina la babu yake likizunguka vizazi kama gurudumu, twaweza kuliona jambo hilo geni. Watu wa pwani hawalioni geni hata kidogo: mtu aitwaye Barawi ametokana na Barawa.

Jina Egerton halikubaki kuwa adimu kama lile la jirani yake. Lilienea katika Cheshire na Lancashire, likapanda hadi kwenye utawala mkuu, na mmoja wa wenye jina hilo, Mtawala wa Bridgewater, ndiye aliyechimba mfereji mashuhuri uliopeleka makaa ya mawe Manchester mwaka 1761. (Kipo kijiji kingine kiitwacho Egerton huko Kent, kusini mashariki, asitokee mtu akatuchanganyia.) Lakini tawi linalotuhusu, la Tatton, lina siri inayonifurahisha. Katika karne ya 18 lilikosa mrithi wa kiume. Urithi ukamfikia mwanamke, Hester Egerton, aliyekuwa ameolewa na William Tatton, na mwaka 1780 mtoto wao aliruhusiwa rasmi kuliacha jina la baba na kuchukua la mama. Kwa hesabu ya akina baba, basi, Maurice Egerton wa Njoro alikuwa Tatton. Jina lililo juu ya lango la chuo chetu kikuu lilipita kwa mwanamke. Jambo hili lingestahili kusimuliwa pale kwenye kasri la Ngata, ambako wageni huonyeshwa vyumba 52 na kusimuliwa kisa cha bwana aliyekataliwa na mchumba akawachukia wanawake wote maisha yake yote. Kisa hicho kimetiwa chumvi kila mwaka hadi kimekuwa ndicho kitu pekee ambacho mwanafunzi wa kawaida anakijua juu ya mtu huyu.

Mengine ndiyo haya. Mwaka 1903 Delamere alipewa na serikali ya kikoloni ekari 100,000 huko Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Mwaka uliofuata, 1904, ulitiwa sahihi mkataba uliowaondoa Wamaasai katika eneo la kati la Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia. Na kwa mkataba wa pili, wa 1911, hata hao wa Laikipia wakaswagwa kusini. Katika miaka ya 1920 akaja Maurice Egerton, mmoja wa Waingereza wa kwanza kabisa kupata leseni ya kurusha ndege, akanunua ardhi upande wa Njoro na Ngata. Vijiji viwili vilivyopakana Cheshire vikawa vimepakana tena, karibu na mstari wa ikweta, kwa umbo la mashamba.

Nami naona tofauti moja ambayo ndiyo sababu ya kuandika makala haya. Huko Cheshire ardhi ndiyo iliyompa mtu jina. Bwana alijiita wa Cholmondeley au wa Egerton kwa kuwa kijiji kilikuwapo kabla yake, kikiwa na jina kilichopewa na waliofyeka msitu. Katika Bonde la Ufa mwendo uligeuzwa: mtu ndiye aliyeipa ardhi jina, kana kwamba alipofika hakukuwa na mtu aliyewahi kuita mto au kilima chochote. Shamba la Delamere la Njoro liliitwa kwa Kiingereza shamba la Ikweta. Maporomoko ya Nyahururu yakawa ya Thomson. Si kila jina lilifutwa, hilo nakiri. Njoro lenyewe lahusishwa na enchorro, chemchemi kwa Kimaasai. Naivasha ni enaiposha, maji yanayokwenda na kurudi. Na shamba la Delamere la Elmenteita liliendelea kuitwa Soysambu, jiwe lenye madoa. Neno lilibaki shambani. Waliolisema walikuwa wameshahamishwa.

Baada ya uhuru tulibadilisha mengi. Barabara ya Delamere mjini Nairobi ikawa ya Kenyatta, na sanamu ya bwana mwenyewe ikahamishiwa Soysambu. Shule ya Prince of Wales ikawa Nairobi School, Duke of York ikawa Lenana. Egerton likabaki. Shule ya kilimo aliyoianzisha mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa Kizungu peke yao iligeuka kuwa chuo cha kilimo katika miaka ya 1950, ikafungua milango kwa watu wa rangi zote mwishoni mwa muongo huo, ikawa chuo kishirikishi cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986 na chuo kikuu kamili mwaka 1987. Mwenyewe alifariki mwaka 1958 bila mtoto, na cheo chake kikafa naye. Nasaba ilikatika, jina likazidi kukua.

Mara kwa mara mwanafunzi huniuliza kama si aibu kubaki nalo. Wengine hutaja Kanada, ambako chuo kikuu cha Ryerson, kilichoitwa kwa heshima ya Egerton Ryerson, kilibadilishwa jina mwaka 2022 kwa sababu ya mchango wa mtu huyo katika mawazo yaliyozaa shule za bweni zilizowatesa watoto wa wenyeji. Swali ni la haki. Jibu langu, ambalo wenzangu kadhaa hulipinga vikali, ni kwamba nalipendelea jina linalokera na kuulizwa kuliko jina jipya la mwanasiasa ambalo halitaulizwa na yeyote. Lakini jibu hilo lina sharti: liulizwe kweli, na lifundishwe. Kulihifadhi bila kulisoma ni kumfanyia Bwana Egerton kazi ya bure.

Kuhusu Cholmondeley, taifa lililazimika kulisoma. Mwaka 2005 na tena 2006 watu wawili waliuawa kwa risasi katika shamba la Soysambu, na Thomas Cholmondeley, kitukuu wa Delamere wa tatu, alishtakiwa mara zote mbili. Kesi ya kwanza iliondolewa. Katika ya pili Mahakama Kuu, mwaka 2009, ilimpata na hatia ya kuua bila kukusudia na kumfunga miezi minane. Alifariki mwaka 2016. Miaka hiyo yote jina lilikuwa katika magazeti na redio, kila mtu akilitamka alivyoweza. Ndiyo maana yule mwanafunzi wa Naivasha hacheki.

Kwa muda sasa nimekuwa nikiwapa wanafunzi zoezi wakati wa likizo: kila mmoja aende kwa mzee wa kwao na kuandika majina matano ya mito, chemchemi au vilima yaliyotumika kabla ya majina ya mashamba, pamoja na lugha na maana yake. Wanaotoka pembezoni mwa msitu wa Mau huleta majina ya Kiogiek ambayo sijayaona katika ramani yoyote. Kabati la ofisini limeanza kujaa.

Binti mmoja wa Njoro aliwahi kurudi na karatasi tupu. Nyanya yake, aliyezaliwa katika shamba la setla, mtoto wa maskwota waliotoka Kiambu, alimwambia kwamba wao walipakuta pakiitwa kwa jina la mzungu, wakapaita hivyo hivyo. "Ya kabla ya hapo," akasema, "waulizeni Wamaasai." Binti akaniuliza awapate wapi, kwa kuwa Njoro aliyoijua yeye haikuwa na mzee wa kumwuliza. Nilimwambia apande gari la Narok.