Mnara uliookolewa na vita

Haya, wajukuu zangu, sogeeni karibu. Mwaka 1173, katika mji wa Pisa nchini Italia, mafundi walianza kujenga mnara wa kengele wa kanisa kuu. Mawe yao yalikuwa marumaru nyeupe na kazi yao ilipendeza. Ila msingi waliuchimba mita 3 tu, na chini yake palikuwa na udongo wa mfinyanzi laini, umejaa maji.

Walipofika ghorofa ya tatu, mnara ukaanza kulala upande mmoja.

Kwa nini? Uzito wa jengo hushuka kwa kupitia kuta mpaka kwenye msingi, na msingi huukabidhi udongo. Kazi ya msingi ni kuutandaza mzigo huo usibanane mahali padogo. Mnara wa Pisa una takriban tani 14,500, na msingi wake ni duara la upana wa mita 20 hivi. Pigeni hesabu wenyewe: kila mita moja ya mraba inabeba karibu tani 50. Ni kama tembo dume wanane wamebebana juu ya meza ndogo! Mwamba ungestahimili. Udongo ule ulishindwa, ukatitia, na upande wa kusini ukatitia zaidi.

Sasa sikilizeni linalonisisimua kuliko yote. Pisa iliingia vitani na miji jirani, ujenzi ukasimama karibu miaka 100. Muda wote huo uzito wa mnara ulikuwa ukiyakamua maji udongoni, polepole mno, chembe zikisogeleana na udongo ukikaza. Wahandisi waliouchunguza mnara wanasema kwamba mafundi wangejenga mfululizo, ungeanguka. Waliporudi kazini mwaka 1272, ardhi ilikuwa imepata nguvu ya kubeba ghorofa zilizobaki.

Hata hivyo mnara uliendelea kuinama, mwaka hadi mwaka, mpaka mwaka 1990 ukafungwa kwa hofu. Wahandisi, John Burland wa London akiwa miongoni mwao, walitafuta dawa chini ya ardhi. Kwanza walirundika vipande vizito vya madini ya risasi upande wa kaskazini. Baadaye wakapitisha mabomba ya mshazari chini ya upande huohuo, wakachota udongo kidogo kidogo huku vipimo vikisomwa kila siku. Kaskazini ikashuka, na kilele kikarudi nyuma karibu sentimita 45. Desemba 2001 wageni wakaanza kupanda tena. Bado umeinama karibu nyuzi 4, na wahandisi waliridhika kuuachia hapo.