Mahindi Tunayobakiza Nyumbani

Visababishi vya saratani vikitajwa, wengi wetu huwaza sigara, halafu pombe, halafu "kemikali" bila kusema ni kemikali gani. Sigara inastahili kutangulia, na pombe nayo imethibitishwa, iwe ya chupa au ya kienyeji. Lakini kwetu Ufipa kuna kisababishi kingine kisichosemwa sana, kwa sababu kinakaa ndani ya chakula tunachokitegemea: mahindi yenye ukungu.

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka na karanga. Iliyo kali zaidi huitwa aflatoksini. Ilianza kujulikana mwaka 1960, bata mzinga wapatao laki moja walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga. Leo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, linaiweka kundi moja na moshi wa tumbaku, yaani vitu ambavyo hakuna tena ubishi kwamba vinampa binadamu saratani. Kiungo kinachoumia ni ini.

Ikiliwa nyingi kwa mara moja, huua upesi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Mwaka 2016 yalitufika sisi: Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Hayo yalitangazwa kwa kuwa watu waliumwa kwa pamoja. Inayoliwa kidogo kidogo haitangazwi. Mtu anakula ugali wake miaka ishirini bila kuona lolote, kisha tumbo linajaa maji, macho yanakuwa ya njano, na anapofika hospitali uvimbe umeshakuwa mkubwa. Kijijini watu wanaanza kuulizana nani kamroga.

Jambo la pili ni virusi vya homa ya ini B. Virusi hivi peke yake vinaweza kuleta saratani ya ini. Vikikutana na sumukuvu katika mwili mmoja, hatari mbili hazijumlishwi, zinazidishana: wataalamu wanakadiria kwamba aflatoksini inaweza kuwa na nguvu hadi mara 30 zaidi kwa mwenye virusi kuliko kwa asiye navyo. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002. Kwa hiyo mseminari wa kidato cha pili huenda ana kinga tayari, ila wazazi wake na padre mlezi wake huenda hawana, isipokuwa kama walijitafutia chanjo ukubwani. Kipimo chake ni cha damu kidogo tu, na asiye na virusi anaweza kuchanjwa akiwa mtu mzima.

Je, baridi yetu haitusaidii? Inasaidia kiasi. Kuvu wa aflatoksini hupenda joto, na nyanda za juu ni baridi kuliko bonde la Ziwa Rukwa. Lakini mahindi na karanga hupanda na kushuka mlima kila siku kwenye malori, na gunia halisemi lilikotoka. Tena wapo kuvu wengine, Fusarium, wasiohitaji joto hilo, nao wana sumu yao iitwayo fumonisini, ambayo inashukiwa kuleta saratani pia.

Sasa tuangalie tunavyofanya baada ya kuvuna. Mkoa wa Rukwa unalisha wengi. Mnunuzi akija anataka mahindi meupe, makavu, yasiyotobolewa, nasi tunamchambulia. Yaliyovunjika, yaliyobadilika rangi na yenye vumbi la kijani yanabaki nyumbani. Mengine yanaenda kwenye pombe, mengine kwa kuku na ng'ombe, na mwezi wa pili chakula kikipungua, yanaenda mashineni. Hapo ndipo tunapojiumiza. Moto wa kupikia ugali hauiondoi sumu hii, kuchachusha pombe hakuiondoi, na ng'ombe aliyelishwa pumba zenye sumu huitoa sehemu yake kwenye maziwa. Kukoboa hupunguza, kwa sababu sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, lakini ndizo pumba hizo hizo zinazokwenda bandani. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na kelele zilikuwa kubwa. Kwa mahindi ya mezani kwetu sijasikia kelele kama hizo.

Kwamba jambo hili linabadilika tunajua kutoka Qidong, wilaya ya wakulima karibu na Shanghai, China. Watu wake walikula mahindi, na saratani ya ini iliwaua kwa wingi. Miaka ya 1980 walihamia kwenye mchele, na vifo vikapungua sana, hata kwa watu wazima waliozaliwa kabla ya chanjo ya homa ya ini. Sisemi tuache ugali. Wazee wetu waliokula ulezi, nafaka inayokaa ghalani miaka bila kuharibika, wangecheka. Ila mahindi yanataka utunzaji ambao ulezi haukuudai.

Kikubwa ni kukausha, tena juu ya turubai, si juu ya udongo. Usipoamini mkono wako, chukua chupa kavu, tia chumvi kavu kidogo, ongeza mahindi, tikisa, uache yatulie. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi bado ni mabichi, usiyafunge. Dumuzi wazuiwe mapema, maana kila tundu lao ni mlango wa kuvu. Magunia yakae juu ya vichanja, mbali na ukuta. Mifuko isiyopitisha hewa ni bei kidogo, lakini huua wadudu bila dawa, mradi mahindi yaingie yakiwa makavu.

Na wakati wa mavuno, waamini wanapoleta mahindi kwenye sadaka, mengi hukaa stoo ya parokia kabla ya kwenda kwa yatima, wagonjwa na seminari zetu. Mtunza stoo na awe na chupa yake ya chumvi mlangoni. Gunia bichi lianikwe siku hiyo hiyo, na lenye ukungu lisipokelewe, hata kama aliyelileta ni mwenyekiti wa kigango.