Mwanafunzi na Amana ya Kura

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, lipo swali ambalo wazazi wa Mbagala, Tandika, Magomeni na Mwananyamala huliuliza mara kwa mara: kuna haja gani ya mwanafunzi wa sekondari, ambaye hajafikia umri wa kupiga kura, kufundishwa mambo ya uchaguzi? Wapo wanaoona kuwa siasa ni uchafu na kijana akae mbali nayo. Hoja hiyo inatokana na mapenzi ya mzazi kwa mwanawe, lakini inafaa ipimwe kwa mizani ya dini na ya hali tunayoishi.

Kijitonyama, wilayani Kinondoni, yapo makao ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, taasisi ya kiraia iliyoanzishwa mwaka 1995. Miongoni mwa kazi zake ni kulea klabu za haki za binadamu katika shule za sekondari, ambamo wanafunzi hujifunza haki na wajibu wa raia. Somo la Uraia nalo limefundishwa madarasani kwa miaka mingi. Hata hivyo, kujibu swali la mtihani ni jambo moja, na kujua la kufanya mbele ya karani wa kituo cha kupigia kura ni jambo jingine.

Ibara ya 5 ya Katiba yetu inampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura. Sheria inamruhusu pia kujiandikisha yule ambaye hajafikia umri huo, iwapo atautimiza kufikia siku ya uchaguzi mkuu. Kwa hiyo aliye kidato cha pili leo ndiye mpiga kura wa mwaka 2030. Akisubiri afundishwe wakati wa kampeni, atakayemfundisha ni mwenye kuitaka kura yake.

Jambo la kuwashirikisha wanafunzi si geni katika tarikh yetu. Sayyidna Umar (R.A.) alipojeruhiwa, aliwaachia watu sita jukumu la kumchagua khalifa miongoni mwao. Abdurrahman bin Auf (R.A.) alijitoa katika kugombea, akapita Madina akiuliza rai za watu. Ibn Kathir, katika kitabu chake Al-Bidaya wan-Nihaya, anaeleza kuwa aliwauliza hata wanawake majumbani mwao, na hata watoto waliokuwa vyuoni wakisoma. Tuzingatie jambo hilo: swali la nani awaongoze Waislamu lilifika mpaka chuoni. Alipomaliza ndipo Sayyidna Uthman (R.A.) alipopewa bai'a.

Ama kuhusu uzito wa kura yenyewe, Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, aliyefariki mwaka 1976, aliieleza kwa sura tatu. Kura ni shahada, kwa kuwa mpiga kura anashuhudia kuwa fulani anafaa. Ni shufaa, kwa kuwa anamwombea fulani apewe cheo. Na ni uwakala, kwa kuwa anamteua fulani asimame badala yake katika mambo ya umma. Sasa tutazame Qur'an inasemaje kuhusu shahada. Suratul Baqara, aya ya 283, inakataza kuificha, na inaueleza moyo wa mwenye kuificha kuwa una dhambi. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie uadilifu hata kama ushahidi ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi au jamaa zetu. Anayempigia mtu kura kwa sababu ya kabila, ujamaa au fulana aliyopewa, na aisome aya hiyo tena.

Hapa ndipo linapoingia suala la takrima. Neno hili lina asili njema ya Kiarabu, lenye maana ya kumkirimu mtu. Mwaka 2000 liliingizwa katika sheria yetu ya uchaguzi, ikawa ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura hauhesabiwi kuwa rushwa. Kituo hicho cha Kijitonyama, pamoja na taasisi nyingine mbili za wanasheria, kilikwenda mahakamani, na mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam ikavibatilisha vifungu hivyo.

Sisi Waislamu hukumu ya mfano huo tunayo tangu zama za Mtume (S.A.W.). Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, mtu aliyetumwa kukusanya zaka alirudi akasema: hii ni yenu, na hii nimezawadiwa. Mtume (S.A.W.) akapanda mimbari na kuhoji kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama ataletewa zawadi. Kipimo hicho kinamtosha mwanafunzi. Kama asingegombea, je, angekuletea kilo hizo za sukari?

Ndugu zangu, hatuwezi kulizungumza somo hili na vijana wetu huku tukiinyamazia tarehe 29 Oktoba 2025. Chama kikuu cha upinzani hakikuwamo katika uchaguzi ule. Siku yenyewe yalizuka maandamano na vurugu, watu wakauawa, intaneti ikakatwa, na jiji letu likawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Mwezi uliofuata Rais aliunda tume ya kuchunguza yaliyotokea. Zipo familia zilizozika vijana wao. Mwanafunzi aliyeyashuhudia hayo atamwuliza mwalimu wake: kura ina faida gani?

Swali hilo lisijibiwe kwa makaripio. Jibu la haki ni kwamba amana ina pande mbili. Suratun Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe na watu wahukumiwe kwa uadilifu, na wafasiri wengi wameielekeza kwanza kwa wenye mamlaka. Raia ana wajibu wa kutoa ushahidi wake. Anayesimamia uchaguzi ana wajibu wa kuupokea, kuuhesabu na kuutangaza kama ulivyotolewa. Upande mmoja ukivunja amana, somo lote la uraia huwa maneno matupu masikioni mwa kijana. Na kijana tumwambie pia kuwa damu ya mtu na mali ya jirani haviwi halali kwa sababu ya hasira. Kijana anayejua utaratibu anaweza kudai haki yake kwa hoja, kwa Katiba na kwa mahakama, kama ilivyokuwa katika shauri la takrima.

Basi tufanye nini? Mzazi, mweleze mwanao kuwa daftari la uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa tarehe 27 Novemba 2024, ni mbali na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ili asije akabaki mlangoni na kadi isiyohusika. Mfundishe kuwa ndani ya kituturi yuko peke yake na Mola wake, na wewe mwenyewe usimlazimishe chaguo. Mwalimu wa madrasa, waache wanafunzi wamchague kiongozi wao kwa karatasi za siri, kura zihesabiwe mbele yao, na aliyeshindwa ampe mkono mwenzake. Imamu, zungumzia amana na shahada, lakini jina la mgombea usilitaje, kwani mimbari si jukwaa la chama.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa kuhusu alichokichunga. Watoto hawa tumepewa tuwachunge. Tukiwaacha waufikie umri wa miaka 18 bila kujua thamani ya ushahidi wao, tutaulizwa sisi.

Tunamwomba Allah awarehemu waliotutoka, awape subira wafiwa, na atujaalie viongozi wenye kuchunga amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.