VIPODOZI VYA MADINI: TUYACHUNGUZE MANENO YA KOPO

Askari anayejipaka rangi usoni kabla ya kwenda doria hafikirii kwamba amejipaka madini. Hata hivyo ndivyo ilivyo. Weusi na hudhurungi ya rangi hiyo aghalabu hutokana na oksidi ya chuma, ambayo ni ndugu wa kutu. Na kijani chake mara nyingi hutokana na oksidi ya kromi. Madini ya jamii hiyo ndiyo yaliyomo katika poda na rangi za midomo wanazotumia askari wenzetu wa kike, na tunazowanunulia wake zetu mwisho wa mwezi.

Siku hizi makopo ya vipodozi huja yameandikwa maneno matamu: "madini asilia", "safi", "rafiki wa mazingira". Yafaa tuyachunguze maneno hayo kama polisi achunguzavyo maelezo ya shahidi, ambayo hayapimwi kwa utamu wake bali kwa ushahidi unaoyathibitisha.

Kwanza tulitazame neno "asilia". Sheria ya Marekani haiidhinishi oksidi ya chuma iliyochimbwa tu ardhini kuwa rangi ya vipodozi. Huidhinisha ile iliyotengenezwa kiwandani, yenye madini ya risasi yasiyozidi sehemu 10 katika milioni, tena zebaki na aseniki zisizozidi sehemu 3 kila moja. Sababu ni kwamba udongo mwekundu wa asili huweza kuwa na sumu hizo ndani yake. Basi anayeuza rangi ya kiwandani kwa sifa ya kuchimbwa anatudanganya, na anayeuza iliyochimbwa pasipo kupimwa anatuhatarisha.

Pili ni "rafiki wa mazingira". Weupe wa poda nyingi hutokana na oksidi ya titani. Madini yake hupatikana mchangani, na jirani zetu wa Kenya waliyachimba huko Kwale tangu mwaka 2013 hadi Desemba 2024. Sehemu kubwa ya titani duniani huishia katika rangi za nyumba, plastiki na karatasi. Vipodozi huchukua kidogo tu. Mahali palipochimbwa hupaswa kurudishiwa udongo na kupandwa mimea. Kama kazi hiyo imefanywa vema, hujulikana kwa kwenda kuikagua ardhi yenyewe, wala hakuna kopo liwezalo kushuhudia kwa niaba yake.

Tatu ni neno "safi", na hapa ndipo penye uchungu. Mng'aro wa poda ya macho hutokana na ulanga, jiwe la matabaka membamba ambalo wengine huliita maika. Wenzetu wa kikosi cha mawasiliano wana deni la zamani kwa jiwe hilo, kwani lilitumika ndani ya simu za upepo kwa kuwa halipitishi umeme. Huko India, katika majimbo ya Jharkhand na Bihar, migodi mingi ya halali ilifungwa baada ya sheria ya kuhifadhi misitu ya mwaka 1980. Migodi ilifungwa, lakini umaskini ulibaki wazi. Watu waliendelea kuchimba kwa siri, na watoto wakaingia katika mashimo membamba pamoja na wazazi wao. Mwaka 2016 Wakfu wa Thomson Reuters ulifichua kwamba watoto 7 walikufa katika migodi hiyo kwa muda wa miezi 2, na vifo vyao vikafunikwa. Mwaka 2019 uchunguzi mwingine ulionyesha maelfu ya watoto wakiokota na kuchambua ulanga kusini mwa Madagascar.

Ulanga wa siri huuzwa kwa wachuuzi, huchanganywa na ule wa halali, kisha husafirishwa. Ufikapo kiwandani hauna tena alama ya mahali ulikotoka. Kila polisi anajua thamani ya kielelezo kilichopita mikono 10 pasipo sahihi.

Wako waliojaribu kurekebisha. Kampuni ya Lush ya Uingereza iliamua mwaka 2014 kuuacha ulanga wa migodini na kutumia wa kutengenezwa. Baadaye ikagundua kwamba baadhi ya rangi ilizouziwa kama za kutengenezwa zilikuwa na ulanga wa kuchimbwa. Wengine walisema kwamba kuondoka ni kuwanyang'anya maskini mkate wao, wakaunda mwaka 2017 umoja wenye makao yake Paris, ili kusafisha biashara hiyo kwa kubaki ndani yake. Njia zote mbili zina gharama. Ulanga wa kiwandani huhitaji joto kali, na joto hula nishati. Ule wa migodini hudai ukaguzi usiolala.

Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2024 sheria ya kukataza sifa za jumla za mazingira zisizothibitishwa, na nchi zake zimetakiwa kuanza kuitumia tarehe 27 Septemba 2026.

Sisi tusingoje sheria za Ulaya. Wanaosimamia maduka ya kambini na wanaoagiza bidhaa za vikosi wamwulize mwuzaji mambo matatu: madini haya yametoka mgodi gani, nani ameukagua, na hati ya ukaguzi iko wapi? Mwenye ushahidi hatachukia kuulizwa. Asiye nao, arudi na makopo yake.